Wimbo kwa Mgonjwa Aliye Mbali

Wazee wetu walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Neno hilo ni kweli kwa mambo mengi. Mtu akiugua katika nyumba ya jirani, twajua la kufanya: mmoja apeleka maji, mwingine kuni, mwingine akaa karibu na kitanda mpaka usiku wa manane. Lakini akiugua mbali, safari ya siku nyingi, mikono yetu yabaki mitupu. Twatuma franga kidogo, twauliza habari, twasali, kisha twanyamaza. Na mgonjwa, kule aliko, aanza kufikiri kwamba watu wamekwisha kuuzoea ugonjwa wake.

Ndugu wasomaji, leo twataka kuwaeleza juu ya kitu kimoja ambacho jamaa, hata ikiwa maskini, yaweza kumtumia mgonjwa wake. Hakinunuliwi sokoni, wala hakipakiwi garini. Ndicho wimbo. Hatusemi kwamba wimbo waponya moyo au mapafu. Dawa ni kazi ya waganga wa hospitali, na asiyewasikiliza ajidanganya mwenyewe. Twasema tu yale tuliyoyaona katika jamaa yetu, na yale tuliyojifunza tulipokuwa tukitafuta maneno na sauti za kumfaa mgonjwa mmoja.

Sisi tunaoandika ni katekista huko Kirungu, juu ya bandari ya Moba, mahali palipoitwa zamani Baudouinville. Tulisoma seminari miaka kadhaa, na huko tulifundishwa noti na kinanda. Siku hizi twafundisha wakatekumeni, na Jumapili twaongoza kwaya. Mama yetu alifariki tulipokuwa na miaka saba. Mdogo wake, mama mdogo wetu, akatuchukua, akatulea pamoja na watoto wake watano, wala hakuna mgeni aliyeweza kutambua ni nani aliyezaliwa naye na ni nani aliyeokotwa. Baadaye alimfuata mume wake Lubumbashi, akakaa huko mpaka uzee.

Mwezi wa kumi mwaka 2022 binti yake alitupigia simu: moyo wa mama umechoka. Miguu imevimba, hawezi kulala chali, usiku aketi ameegemea mito mitatu, na pumzi yake ni fupi. Waganga walimpa dawa za kumtoa maji mwilini, wakamkataza chumvi. Wakawaeleza watoto wake bila kuficha: ugonjwa huu waweza kutulizwa, lakini moyo hautarudia nguvu zake za zamani.

Kutoka kwetu kwenda Lubumbashi, mtu apanda chombo ziwani mpaka Kalemie, kisha angoje gari moshi la kupita Kabalo na Kamina; au ashike barabara ya Pweto, nayo wakati wa mvua yageuka kuwa matope. Mtu aweza kuhesabu siku za kwenda, lakini siku za kurudi hazijui. Tuna watoto wanne, na wakatekumeni waliongoja ubatizo wa Pasaka. Basi tulibaki na simu tu.

Siku moja mama mdogo alituambia kwa simu: «Mwana wangu, mchana watu wapo. Usiku ndio mrefu. Naketi macho wazi, nasikia nyumba yote imelala, nafikiri nimebaki peke yangu.» Hakulalamika juu ya miguu, wala juu ya chakula kisicho na chumvi. Alitaja usiku tu. Ndipo tulipowaza kumtungia wimbo wa kusikiliza wakati ule.

Jambo kama hilo si la mtu mmoja. Tuliita jamaa iliyo karibu, tukakaa barazani. Yaya wetu, mkubwa wa wote, alikataa mara moja. Alisema: «Mtu anayetajwa matendo yake yote kwa wimbo ni mtu aliyekwisha kufa. Mkimpelekea wimbo wa namna hiyo, mtakuwa mmeanza kilio kabla ya maiti. Naye si mjinga, atafahamu.»

Shemeji yetu, Mluba wa Kasai, akamjibu kwa heshima: «Yaya, neno lako lina uzito. Lakini sisi tuna kasala. Mwimbaji ataja majina ya mtu, na ya baba zake, na ya babu zake. Yaimbwa kwenye kilio, ndiyo. Lakini yaimbwa pia mbele ya mtu aliye hai, apate kukumbuka yeye ni nani, asimame imara.»

Shemeji alisema kweli. Wengi wenu mmesikia habari za Misa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na vijana wa kwaya ya Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Katika Misa ile waimbaji walichukua namna ya kasala, ambayo watu waliizoea kilioni, wakamwimbia nayo Mungu aliye hai. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia, ukataka nyimbo za asili za kila taifa zipewe heshima zinayostahili. Basi sauti ya kilio si ya kilio tu.

Hata hivyo Yaya naye alisema kweli. Mgonjwa asikiliza kwa masikio mawili. Sikio moja lasikia maneno. Lingine latafuta kujua watu wanafikiri nini juu yake. Tukimwimbia: ulitulea, ulitulisha, ulikuwa mwema, atasikia neno «ulikuwa» kuliko maneno mengine yote. Jamaa hutunga wimbo kwa mapendo, na mgonjwa aupokea kama barua ya kuagana. Hapo ndipo penye hatari.

Jambo hili lilitukumbusha mafuta matakatifu. Zamani watu wengi waliyaita mafuta ya mwisho, wakangoja mpaka mgonjwa hatambui mtu ndipo wamwite padri. Mtaguso, katika hati ile ile, ulieleza kwamba yafaa zaidi sakramenti hii iitwe mpako wa wagonjwa, maana si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Papa Paulo VI alitengeneza upya taratibu zake mwaka 1972. Na hata leo tunapoingia na padri katika nyumba ya mgonjwa, twaona macho ya watu yakibadilika, kana kwamba tumeleta sanduku. Kama mafuta yenyewe yaogopwa hivyo, je, wimbo utapokewaje?

Tulitazama Maandiko. Daudi alimpigia Sauli kinubi, mfalme akapata nafuu. Lakini Daudi alikuwa karibu naye, chumba kimoja. Mfalme Hezekia aliugua hata kukaribia kufa, na wimbo wake upo katika kitabu cha nabii Isaya, sura ya 38. Lakini huo aliutunga mwenyewe alipokwisha kupona. Sisi tulikuwa mbali, tena hatukujua mwisho. Mtume Yakobo ndiye aliyetusaidia. Katika sura ya tano ya barua yake ataja wimbo wa mwenye furaha, na mara anafuatisha mgonjwa aitiwe wazee wa Kanisa na kupakwa mafuta. Ameviweka pamoja, wimbo na mafuta, na vyote viwili ni kwa mtu aliye hai bado. Basi tulikubaliana na Yaya neno moja: wimbo wetu hautakuwa na «ulikuwa» hata kidogo. Utakuwa na leo tu.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Tutawaeleza jinsi ilivyofanyika, kwani wengine wataweza kuifanya pia.

Kwanza tuliuliza: wimbo utatumia lugha gani? Mama mdogo alizaliwa katika Kitabwa, na lugha ya mama huingia moyoni haraka. Lakini Kitabwa, kama lugha zetu nyingi za Kongo, kina sauti za juu na za chini ndani ya neno lenyewe. Wanaojua Lingala wafahamu jambo hili: neno «moto» likisemwa kwa sauti ya chini yote ni mtu, likianza juu na kushuka, ni moto wa kuwaka, likianza chini na kupanda, ni kichwa. Mtunzi asiyeangalia hilo, akipandisha noti mahali pa kushuka, atamwimbia mtu juu ya kichwa akidhani anaimba juu ya binadamu. Kwa hiyo katika lugha kama hizo wimbo huzaliwa na neno. Huwezi kuchukua sauti ya Ulaya na kuivika maneno yetu kama shati la mtu mwingine.

Kiswahili hakina jambo hilo, lakini kina lake. Uzito wa neno huanguka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akisema «barabara» kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, twafahamu njia kubwa. Akikaza ya tatu kutoka mwisho, twafahamu sawasawa kabisa. Mtunzi aweke noti yenye nguvu pale neno lenyewe linapotaka nguvu. Tulichagua Kiswahili kwa sababu moja: wajukuu wa Lubumbashi hawajui Kitabwa, nao ndio walalao chumba kimoja na nyanya yao. Wimbo ambao watu wa karibu na kitanda hawawezi kuuimba ungebaki mgeni katika nyumba ile. Tuliweka neno moja tu la Kitabwa, jina lake la utotoni, ambalo twaliacha ndani ya jamaa.

Jambo la pili lilikuwa pumzi. Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, apumua mara 12 mpaka 20 katika dakika moja. Tulimwomba binti yake amhesabie mama usiku, bila kumwambia, maana mtu akijua anahesabiwa hubadili pumzi yake. Alihesabu 28. Fikirini: kuvuta na kutoa pumzi ndani ya sekunde mbili na kidogo. Mtu kama huyo hawezi kuimba mstari mzima, wala nusu ya mstari. Aweza neno moja.

Vijana wetu wa kwaya walikuwa wameshauri wimbo wa sauti nne wenye mashairi sita, ule wa kupendeza Jumapili. Ungekuwa wimbo mzuri. Lakini ungekuwa wimbo wa kumwimbia mtu anyamaze. Nasi tulitaka apate nafasi yake ndani, hata iwe ndogo namna gani. Mtu anayeugua muda mrefu hupoteza kazi zake moja moja: hapiki, hafui, haendi shambani, mwisho hata kujigeuza hageuzwi ila na wengine. Wimbo usimwondolee na hiyo iliyobaki. Umpe kazi.

Neno moja lile tulilipata bila kulitafuta sana. Tulipokuwa watoto, mama mdogo alikuwa na desturi. Jioni, kabla ya sala, alisimama mlangoni akatuita majina mmoja mmoja: «Uko?» Nasi tulijibu: «Niko.» Asiyejibu alitafutwa mpaka aonekane, hata kama chakula kitapoa. Neno «Niko» lina silabi mbili tu. Uzito wake uko mbele, kisha lashuka. Na sauti inayoshuka ndiyo nyepesi kwa mtu mwenye pumzi fupi, kwani yatoka yenyewe kama pumzi inavyotoka. Basi tulipanga wimbo hivi, watu wa huku wakiita, na yeye akijibu:

Jua limetua, Mama, uko?
 — Niko.
Kirungu tumefunga mlango, uko?
 — Niko.
Kalemie wamewasha taa, uko?
 — Niko.
Mungu hafungi macho, Mama, uko?
 — Niko.
Nasi tuko, Mama, nasi tuko.

Sauti zake ni noti tano tu, kutoka do mpaka sol, tena chini, mahali ambapo mwanamke mzee hasemi kwa nguvu. Mwendo wake si wa ngoma, wala si wa mazishi. Ni wa mtu anayetoka shambani bila haraka. Na baada ya kila «uko» tuliacha kimya kirefu kuliko inavyotakiwa na noti. Vijana wa kwaya walisumbuka na kimya kile. Kila mara walitaka kukijaza. Tuliwaambia: hapo si patupu, hapo ni pa mama.

Jambo la tatu ndilo lililomaliza wasiwasi wa Yaya. Mistari ya katikati haikufungwa. Kila juma tuliweza kutoa mmoja na kutia mwingine, kwa habari mpya: mtoto fulani amebatizwa, mahindi yameota, mbuzi mweusi amezaa mapacha, mvua imeng'oa mabati ya jirani. Hivyo wimbo ulichukua mambo ya leo, si hesabu ya mambo yaliyopita. Juma la tatu Yaya mwenyewe alikuja jioni, akakaa kidogo, akasema kana kwamba ni jambo dogo: «Mwambieni mwembe wake umezaa mwaka huu.» Tulimwambia aimbe mwenyewe. Hakuwa mwimbaji, na sauti yake ilitoka nje ya noti zote tano. Tuliiacha ilivyo.

Kila Jumamosi jioni tulipanda kilimani, kwenye mwamba mmoja ambapo simu hushika vizuri, tukaimba mara moja na kutuma. Hatukuzidisha dakika moja na nusu, ili franga za mtandao zitoshe. Mara nyingine jogoo aliwika, au mtoto alilia, au mvua ilianza kupiga. Hatukurudia. Binti yake alitueleza baadaye kwamba mama alipenda mambo hayo kuliko wimbo wenyewe. Aliuliza: «Huyo anayelia ni mtoto wa nani?» Na usiku ule alikuwa na jambo la kufikiri zaidi ya moyo wake.

Usiku wa kwanza alisikiliza tu, hakujibu. Usiku wa pili vilevile. Tulikuwa na hofu. Usiku wa tatu binti yake, aliyelala chini kwenye mkeka, alisikia katika giza: «Niko.» Kimya. Kisha tena: «Niko.» Tangu hapo wajukuu walizoea kuamka na kumwimbia wenyewe alipokosa usingizi, bila simu. Siku ambazo hakuwa na nguvu aliinua kidole. Watoto walikubaliana kwamba kidole ni jibu pia.

Mwezi wa kumi na mbili jambo likageuka. Tulipokea sauti kutoka Lubumbashi. Ilikuwa yake, neno na pumzi, neno na pumzi: «Kirungu, mko?» Alikuwa ametunyang'anya wimbo. Alirudi mlangoni kwake, akaanza kutuita sisi kama zamani. Basi tulikusanyika wote, wakubwa na wadogo, tukajibu: «Tuko.» Aliita Kalemie, aliita Moba, aliita majina ya wajukuu asiowaona kamwe. Ilimchukua siku mbili kutaja majina yote, machache kila mara. Yaya alipoitwa kwa jina lake la utotoni aliondoka barazani, akaenda kutazama mbuzi.

Katika Majilio yale binti yake alimwita padri kwa mpako mtakatifu. Alikuwa ameogopa kumtajia mama, asije akafikiri wamekata tamaa. Mama mdogo akamjibu: «Kwa nini niogope? Ninyi mwaniita kila usiku kujua kama niko. Na Bwana Yezu aje kuniita, nitamjibu neno lile lile.» Alipakwa akiwa na akili timamu, akaitikia sala zote alizoweza, na siku ile alikula uji wote.

Hatusemi kwamba wimbo ulimwongezea siku. Dawa zilimsaidia, na watoto wake walimtunza vizuri, na siku za mtu zi mikononi mwa Mungu. Twajua tu kwamba tangu Novemba hatukumsikia tena akisema usiku umembakiza peke yake.

Alifariki mwezi wa tano mwaka 2023, alfajiri, ameketi kama kawaida, binti yake amemshika mkono. Jamaa ya Kirungu ilifanya kilio siku ile ile ya mazishi ya Lubumbashi. Vijana wa kwaya walitaka wimbo wake uimbwe, kwani walioujua walikuwa wengi. Yaya akasimama akasema: «Wimbo ule una mahali pa sauti yake. Nani atajibu? Mimi sijibu kwa ajili yake.» Wote tukaona amesema vema. Tuliimba nyimbo za Kanisa kwa marehemu. Ndipo Yaya mwenyewe, aliyekataa siku ile barazani, akasimama mbele ya watu akataja majina ya mama mdogo, na ya wazee wake, na watoto aliowazaa na aliowaokota, na mashamba aliyolima, na mwembe. Alitaja kwa muda mrefu. Kila neno «alikuwa» lilipata mahali pake.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna mgonjwa aliye mbali: Lubumbashi, Kindu, Bukavu, Goma, au nje ya nchi. Si lazima mjue noti. Shikeni mambo machache haya.

Muulizeni kwanza mgonjwa, au anayemtunza, ni saa gani iliyo nzito. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini juu ya wimbo aulizwe, maana kwa mwingine usiku ndio mzito, kwa mwingine ni saa ya dawa, kwa mwingine ni Jumapili watu wote wanapokwenda Misa. Tungeni kwa ajili ya saa hiyo.

Pimeni pumzi yake kabla ya kupima sauti zenu. Mwenye pumzi fupi apewe neno moja. Asiyeweza kusema apewe kidole au kufumba jicho. Lakini asikose nafasi yake.

Imbeni mambo ya leo. Shukrani zipo, na ni njema. Mwambieni kwa maneno ya kawaida, mtu kwa mtu, kwa simu. Katika wimbo wekeni mbuzi na mahindi.

Chagueni lugha ambayo waliomzunguka wataweza kuitikia, ili siku simu ikizimika wimbo usizimike.

Msisahau kumwita padri mapema, mgonjwa akiwa bado aweza kuitikia. Na msingoje mpaka wimbo uwe mzuri. Wetu ulikuwa na noti tano, sauti moja iliyokosea zote tano, na jogoo. Mungu awape nguvu wagonjwa wetu, na awape wanaowatunza usingizi kidogo.